Ukuta Usiopimika

Elinipendo Nkya hajawahi kutulia. Mama yake, huko Machame, alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hata tumboni alikuwa akitafuta mlango. Darasani alichagua dawati la nyuma ili aweze kusimama bila kumkera mtu. Alipomaliza kidato cha nne aliuza dawa za mifugo, akaacha. Akauza mitumba katika soko la Memorial, akaacha. Msimu mmoja alibeba mizigo ya watalii mlimani, na huko akakutana na Filemon, mwongoza watalii ambaye baadaye alimwoa. Mlima nao akauacha.

Kilichomshika ni mashine. Siku ya kwanza katika chuo cha ufundi alisimama mbele ya mashine ya kukereza chuma, akaona kitu kinachozunguka kuliko yeye. Kwa saa nne hakuangalia dirishani hata mara moja. Jioni ile alirudi nyumbani akiwa na mafuta mpaka kwenye nyusi, akala akiwa amekaa kwenye kiti, na mama yake akamuuliza kama anaumwa.

Mwaka huu ametimiza miaka kumi na sita katika karakana ya Mzee Rajendra, mjini Moshi, mtaa wa viwanda. Karakana hiyo ilianzishwa na baba yake Rajendra kwa ajili ya matrekta ya mashamba ya mkonge. Siku hizi inachonga upya silinda zilizolika, inakereza krankshafti, na zaidi inasawazisha hedi zilizopinda kwa joto. Hedi ni lile pande zito linalokaa juu ya injini, lenye valvu na plagi, na ndani yake njia za hewa, za moshi na za maji ya kupoza, zote zikipishana kwa karibu sana bila kugusana. Miaka minne iliyopita Mzee Rajendra alinunua mashine kuukuu ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Mafundi wengine waliizunguka kwa mbali. Elinipendo alijifunza mwenyewe, kitabu cha maelekezo mkono mmoja na kikombe cha chai ya Mama Sharda mkono mwingine. Sharda, mke wa Rajendra, ndiye aliyekuwa akileta chai kila saa nne asubuhi, akimkuta Elinipendo amesimama, akiondoka na kumwacha amesimama.

Kazi ninayotaka kuisimulia ilitoka ndani ya familia hiyo hiyo. Jaimin, mtoto wa kaka mkubwa wa Rajendra, anashindana kwenye mbio za magari za barabara za vumbi. Dereva ni yeye. Anayemsomea njia, kona kwa kona, ni mke wake Anjali. Mwezi wa kwanza hedi ya gari lao ilipasuka. Ni gari la zamani, hedi zake hazitengenezwi tena, na mbili za mitumba walizozipata zilikuwa na nyufa palepale. Mzee Rajendra akasema atamwandikia rafiki yake India.

"Mzee, nitaitengeneza mimi," Elinipendo alisema.

"Kutoka kwenye nini?"

"Kutoka kwenye pande zima la alumini. Nachimba mpaka ibaki hedi."

Mzee Rajendra alimtazama juu ya miwani. "Hatujawahi."

"Ndiyo. Hatujawahi."

Jaimin, aliyekuwa ameegemea mlango, alisema, "Kaka, mwache ajaribu." Kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo, na mafundi wa karakana ile walishazoea kumsikia kijana akimwita mzee wa miaka sabini kaka.

Aliruhusiwa. Wiki tatu alipima hedi ya zamani kwa maikromita na kuichora kwenye kompyuta. Kisha pande likaja, limebebwa na watu wawili, likafungwa kwenye meza ya mashine. Siku kumi na moja kisu cha mashine kilikula alumini, na vipande vyake vyenye kung'aa vilijikunja vikadondoka na kujaa kwenye ndoo, ndoo kwa ndoo. Elinipendo anasema siku hizo zilikuwa njema kuliko zote. Kitu kilichokuwa kichwani mwake kilikuwa kinatokea pale mezani, polepole, na yeye alichotakiwa kufanya ni kusimama na kuangalia. Alikuwa akiimba nyimbo za kwaya kwa pua.

Siku ya saba umeme ulikatika. Haikuwa ajabu. Ulirudi baada ya nusu saa, lakini mashine ya aina ile ikizimwa ghafla husahau ilipokuwa. Lazima uiambie upya: ukingo wa pande uko hapa, anzia hapa. Ukiidanganya kwa unene wa unywele, itaamini, na kila kitakachofuata kitakuwa kimehama. Elinipendo alipima ukingo, akaingiza namba, akaendelea na njia ya hewa ya silinda ya pili.

Alhamisi hedi ilikamilika. Waliziba matundu yote, wakaijaza hewa kwa shinikizo, wakaizamisha kwenye pipa la maji ya moto. Mafundi walikusanyika. Hakikutoka kiputo hata kimoja. Mzee Rajendra alitingisha kichwa, na kwa mtu ambaye hasifu, hilo lilikuwa jambo. Jaimin alipiga picha hedi ikiwa inachuruzika maji kama samaki.

Elinipendo alikuwa akijipangusa mikono ndipo wazo lilipomjia. Siku ile umeme uliporudi, kabla ya kupima ukingo, je, alipuliza vipande vya alumini vilivyokuwa vimegandia pale? Huwa anapuliza. Mkono unajua wenyewe. Lakini alipojaribu kuiona siku ile, aliona mkono unaingiza namba, hakuuona ukipuliza.

Kama kipande kimoja kilibaki pale, njia ya hewa ya silinda ya pili ilikuwa imehama, na ukuta kati ya njia ile na maji ulikuwa mwembamba. Ukuta mwembamba haupigi kiputo kwenye pipa. Unangoja injini ipate moto, ishuke mteremko kwa kasi, ndipo upasuke. Maji yanaingia kwenye silinda, injini inakwama, na gari lililo kwenye kona linakuwa jiwe. Na ukuta wenyewe uko katikati ya pande, umejificha nyuma ya kona mbili. Hakuna kipimo katika karakana ile kinachoweza kuufikia.

Hakusema. Alikwenda nyumbani Machame.

Ijumaa alirudi kazini, akawatazama mafundi wakiifunga hedi kwenye injini, akampa mmoja wao spana aliyoomba. Jumamosi alikata majani ya ng'ombe mpaka yakazidi, akaanza kung'oa magugu kwenye mibuni isiyokuwa na magugu. Jumapili alitoka kanisani katikati ya mahubiri, akazunguka jengo, akaingia tena, akatoka tena. Mzee mmoja wa kanisa alimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, shikamoo mzee, ni joto tu. Hakukuwa na joto. Mlimani kote mvua ilikuwa inanyesha.

Alijaribu dawa yake ya siku zote. Jumatatu alikwenda kazini mapema, akawasha mashine ya kukereza na kuanza kazi ndogo, bushi ya trekta. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mashine ilizunguka na yeye akaendelea kuzunguka ndani. Bushi ile aliiharibu. Akatupa, akaanza nyingine.

Jioni Filemon alishuka kutoka mlimani baada ya siku saba, ngozi ya pua imebanduka. Alikuta mkewe anaosha sufuria zilizokwishaoshwa.

"Kuna nini?" aliuliza.

Akamweleza, umeme, ukingo, pipa la maji, ukuta. Filemon alisikiliza akiwa anafungua buti.

"Umemwambia Mzee?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sijui, Filemon. Ningejua nimekosea ningesema siku ileile. Sasa nikaseme nini? Kwamba sikumbuki kama nilipuliza?"

Filemon aliweka buti chini. "Mimi mgeni akiniambia kule juu kichwa kinamuuma, sijui kama ni hewa ya mlima au ni uchovu. Sijui. Lakini simwambii tupande tukaone."

"Unafanyaje?"

"Namshusha. Tunajua baadaye." Kisha akaongeza, bila kumwangalia, "Na wapo waliokasirika. Wamesafiri kutoka mbali, halafu chini wanapona baada ya saa mbili, wanasema nimewaharibia safari."

Elinipendo alichukua sufuria nyingine. Alijua kuna jambo jingine ambalo hakulisema hata kwa mumewe. Yeye ndiye aliyesema nitaitengeneza. Barua ya India haikuandikwa kwa sababu yake.

Jumanne asubuhi alifika karakana ameshapanga maneno. Gari halikuwepo. Fundi mmoja akamwambia Jaimin na Anjali wamelipeleka barabara ya Kibosho kulijaribu, kwani mbio zilikuwa Jumamosi ile. Mzee Rajendra alikuwa ametoka. Akapiga simu ya Jaimin, ikaita mpaka ikakata. Ya Anjali vilevile. Alijua wamevaa kofia ngumu na hawasikii kitu.

Hakungoja. Alichukua bodaboda, akiwa na ovaroli yake ya kazi, akamwambia dereva, "Kibosho, na usipunguze mwendo." Barabara ilikuwa na mawe na utelezi wa mvua ya juzi. Walipita mabasi mawili ya shule na mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi, na kila kona Elinipendo alikaza macho mbele, akitafuta moshi au watu waliokusanyika. Aliwakuta watu wamekusanyika. Alikuwa ameshashuka kwenye bodaboda kabla hajaona kwamba wanacheka. Gari lilikuwa limesimama kando ya barabara, zima, linaunguruma, na Jaimin ameketi juu ya boneti anawajibu watoto maswali.

"Dada Eli," alisema, amefurahi kumwona. "Umekuja kumsikiliza mtoto wako? Sikiliza."

Alisikiliza. Ilikuwa sauti safi, haina mkwaruzo wowote.

"Zima," alisema.

"Nini?"

"Zima gari, Jaimin. Usiliendeshe tena."

Alimweleza palepale, mbele ya wale watu, kwa maneno machache kuliko aliyokuwa ameyapanga. Anjali alishuka akiwa ameshika daftari lake la kona. Jaimin aliingiza mkono dirishani, akazima injini.

"Mbio ni Jumamosi," alisema.

"Najua."

"Na huna hakika."

"Sina."

Walilivuta gari kwa kamba, nyuma ya pikapu ya karakana, polepole mpaka mjini. Elinipendo alipanda nyuma ya pikapu, akakaa ameelekea lile gari. Njia nzima aliona uso wa Jaimin nyuma ya kioo, ameshika usukani wa gari lisilowaka.

Mzee Rajendra aliwapokea ofisini. Alimsikiliza Elinipendo mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Ulianza kuwa na shaka lini?"

"Alhamisi, Mzee. Baada ya pipa."

"Leo ni Jumanne."

"Ndiyo, Mzee."

Hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Njia ya kujua ni moja tu. Ni kuikata."

"Kaka, tafadhali," Jaimin alisema. "Ukiikata hakuna mbio. Miezi mitatu. Pipa limesema nzima, barabara imesema nzima."

"Gari ni lako. Hedi ni yako. Sema wewe, mimi nitafuata."

Jaimin alitoka nje. Walimwona kupitia dirishani akitembea mpaka getini, akirudi, akienda tena. Elinipendo alitamani kutoka na kutembea naye. Ni Anjali aliyemaliza jambo. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, kofia ngumu mapajani.

"Likikwama kwenye kona, upande wa kushoto ndio unaogonga ukuta au mti," alisema. "Upande wa kushoto ninakaa mimi. Ikateni."

Akamwita mumewe ndani, akamwambia hivyohivyo. Jaimin akaitikia kwa kichwa.

Jumatano asubuhi hedi ilikuwa juu ya meza ya msumeno wa mkanda. Fundi mwingine alijitolea kuikata. Elinipendo akakataa. Aliweka alama kwa kalamu katikati ya silinda ya pili, akawasha msumeno, akaisukuma kazi yake mwenyewe kwenye meno. Alumini hukatika kwa urahisi. Dakika chache tu, pande lililomla wiki zote zile likafunguka mara mbili kama mkate.

Alifuta vumbi kwa kitambaa, akaweka kipimo. Mchoro ulisema milimita nne. Kipimo kilisema milimita nne nukta sifuri tano. Akapima tena juu, chini, upande wa pili. Nne. Nne. Nne.

Alikuwa amepuliza. Mkono ulikuwa unajua.

Jaimin alisoma namba begani kwake. Aligeuka akatoka, na Anjali akamfuata, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumaliza jambo. Mafundi walirudi kwenye mashine zao mmoja mmoja. Mzee Rajendra alibaki amesimama pale, mikono nyuma.

"Nenda nyumbani, Mama," alisema hatimaye. "Pumzika leo."

Angeweza kwenda. Mtu mwingine angekwenda, akajifungia, akalia. Lakini Elinipendo alikuwa hawezi kukaa wala kuondoka. Alichukua nusu ya hedi, akaweka alama kwenye silinda ya kwanza, akakata. Sawa. Akageuza nusu ya pili, akakata ya tatu. Sawa.

"Cha nini tena?" Mzee Rajendra aliuliza. "Imeshakufa."

"Niache nimalize, Mzee. Nimeianza."

Aliikata silinda ya nne, ile ya mwisho, ambayo hakuwahi kuifikiria hata dakika moja katika siku zote zile. Alipofuta vumbi aliona mstari. Alidhani ni alama ya kalamu. Kati ya njia ya moshi na tundu refu la maji, mahali palipotakiwa kuwa na ukuta wa milimita tano, palikuwa na kitu chembamba kama ganda la yai. Drili ndefu iliyotoboa tundu lile ilikuwa imepinda ndani ya pande, kidogo kidogo, kila ilivyozidi kwenda chini, na hakuna aliyeiona.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mzee, njoo."

Mzee Rajendra aliinama, akasogeza miwani. Akatoa bisibisi ndogo mfukoni, akaigusisha kwenye ukuta ule, akasukuma kwa kidole gumba. Ilipita upande wa pili.

Waliwaita Jaimin na Anjali kutoka getini. Jaimin aliweka kidole chake kwenye lile tundu la bisibisi, akakiacha pale. Upande ule ndiko moshi wa moto mkali unakopita. Kibosho walikuwa wameendesha mwendo wa kujaribu tu, bila kulikamua gari. Anjali alitazama mara moja, akaenda kukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Elinipendo anasema watu wengi hudhani hapo alipata nafuu. Haikuwa hivyo. Alijaribu kukumbuka siku aliyotoboa tundu lile, kutafuta sauti iliyobadilika, mtetemo, chochote. Hakukuwa na chochote. Ilikuwa siku njema, alikuwa akiimba. Kumbe kosa lilikuwa limekaa pale ulipotulia moyo wake, na lile aliloliogopa siku sita halikuwepo. Afanye nini na mkono ambao hukosea wakati ameridhika?

Mbio za Jumamosi zilifanyika bila wao. Jumatatu Elinipendo alianza hedi ya pili. Safari hii matundu marefu aliyatoboa kutoka pande zote mbili, drili ikutane na mwenzake katikati, na kila tundu akaingiza fimbo iliyonyooka kuhakikisha. Kwa wiki mbili Mzee Rajendra alipima upya kila alichopima, akiwa ameshika kipimo chake mwenyewe, bila kueleza kwa nini. Iliuma. Mafundi waliona. Elinipendo alimsogezea taa.

Siku ya mwisho, mzee alipokuwa anarudisha kipimo kwenye sanduku, ndipo aliposema jambo pekee alilowahi kulisema kuhusu habari ile.

"Siku nyingine, niambie Alhamisi."

"Nitakuambia, Mzee."

Mwezi wa sita Jaimin na Anjali walishiriki mbio nyingine, siku mbili za vumbi. Elinipendo alialikwa kwenda kuangalia, akakataa. Alibaki Machame na Filemon, ambaye alikuwa mapumzikoni, na kwa siku mbili Filemon alimwona akitembea kihambani juu na chini kati ya migomba, simu mkononi. Jumapili saa tisa alasiri Anjali alipiga. Walimaliza wa kumi na mmoja. Tairi mbili zilipasuka, kioo cha nyuma kilianguka, injini haikukohoa. Elinipendo aliuliza joto la maji lilikuwa ngapi mlimani, ngapi kwenye tambarare, na Anjali, ambaye alikuwa ameyaandika yote kwenye daftari la kona akijua ataulizwa, akamsomea.

Wiki iliyofuata Jaimin alikuja karakana na wazo jipya. Sasa anataka injini yenyewe, bloku nzima, kwa alumini. Mzee Rajendra alisema wamuulize Elinipendo. Elinipendo aliomba siku tatu. Siku ya tatu alikubali, kwa sharti moja: wachonge mbili, na ya kwanza, hata ikitoka nzuri namna gani, ikatwe.

Mzee Rajendra alilalamika mpaka chai ikapoa. Kisha akaagiza mapande mawili.

Yalifika juzi. Nilipopita pale kumsalimia, Elinipendo alikuwa ameshafungua maboksi. Alikuwa analizunguka moja, akaacha, akaenda kwa jingine, akarudi, akiligonga kwa kifundo cha kidole na kuinamisha sikio.